Vidole Vinavyokufa Asubuhi

Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na kidonda cha moto kwenye kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Ngozi ilikuwa imepasuka, na chini yake nyama ilishaanza kutoa usaha. Nilimuuliza ameungua vipi.

"Sijue, mama. Sikusikia."

"Hukusikia moto?"

"Njo vile. Nilikuwa naota moto ku mbabula, makaa inawaka. Bibi yangu, mama ya batoto, njo alisikia harufu ya nyama, akapiga kelele. Mi sikusikia kitu."

Nilimtazama usoni muda mrefu kabla ya kuchukua koleo na pamba. Nilikuwa na miaka minne katika chumba cha vidonda, kwenye dispensari ya karakana ya kampuni hapa Lubumbashi, na mkubwa wetu, muuguzi mkuu, alikuwa ametufundisha kazi kwa namna yake. Alisema mfanyakazi akikujia, kwanza tafuta uongo, ukiukosa ndipo utafute ugonjwa. Tulikuwa tumeona mengi. Mmoja alijitia sabuni machoni ili apewe ripo, yaani siku za kupumzika. Mwingine alijipaka pemba, ule udongo mweupe, midomoni na kwenye kucha ili aonekane ameishiwa damu, na mkubwa wetu akamfuta kwa pamba yenye spiriti mbele ya foleni nzima. Tulicheka wiki mbili.

Kwa hiyo nilipomwona mtu mzima ambaye kidole chake kimeungua kama muhogo wa kuchoma naye anasema hakusikia, nilijua nimepata wa kwangu. Nilijiambia amejichoma mwenyewe. Nilimsafisha bila huruma nyingi, nikangoja aseme "aï". Hakusema. Hilo nalo nililiona ni ujanja.

Alikuwa amepita miaka arobaini, mwembamba, mwenye kofia ndogo iliyofumwa kwa mkono, maana watu wake walikuwa Waislamu waliotoka Maniema zamani na kukaa mtaa wa Katuba. Mimi pia nilikaa Katuba, nyumba aliyoacha baba yangu, mtu wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, na Jumapili tulikuwa watu wa misa. Nilikuwa nikimwona barabarani juu ya baiskeli yake bila kumjua. Kazini alikuwa mtu wa marto. Ndivyo walivyoita nyundo ile inayosukumwa na hewa, yenye ncha ya chuma, ambayo kwayo waliparua mchanga na magamba kwenye vyuma vizito vilivyotoka kumiminwa. Marto inapiga haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na anayeishika anatikisika pamoja nayo toka asubuhi mpaka kengele. Yeye alikuwa ameishika miaka kumi na minne.

Siku ya tatu ya kubadilisha bandeji ndipo alipotoa neno lake.

"Mama, si moto tu. Vidole byangu binakufa."

"Vinakufa vipi?"

"Asubui. Binakuwa vyeupe, vyeupe kabisa, kama vya maiti. Nikitawaza maji ya kusali, binakufa. Nikishika baiskeli, binakufa. Kisha binafufuka na maumivu, mpaka machozi inatoka."

"Nionyeshe."

Alinyoosha mikono yote miwili juu ya meza. Ilikuwa mikono ya kazi, minene, myeusi, na yenye joto. Hakukuwa na kidole kilichokufa hapo. Nilibonyeza kucha, damu ikarudi. Niliandika kwenye kadi yake: hakuna alama. Kisha nikamwambia aje siku vidole vikiwa vimekufa.

Alikuja mara tatu tena, na kila mara vidole vilikuwa hai. Sikufikiri kitu ambacho mtoto wa shule angekifikiri: kwamba chumba changu kilikuwa na sufuria ya kuchemshia sindano tangu saa moja asubuhi, kwamba foleni ilingojea ukutani penye jua, na kwamba mtu akikaa hapo nusu saa huwa amepata joto. Niliona tu kwamba kila nikitaka kuthibitisha maneno yake, hakukuwa na cha kuthibitisha.

Mara ya mwisho niliona kitu kingine. Kwenye viungo vya mikono, ndani, alikuwa na chale mpya, mistari midogo iliyopakwa unga mweusi, na mmoja ulikuwa umevimba. Nilimuuliza nani amemchanja. Akashusha mikono ya shati. Nikasema sitafunga kidonda nisichokijua. Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, akitazama mlango.

Ndugu wa mkewe walisema ametupiwa uchawi kazini, wakampeleka kuchanjwa. Walimuuliza nani amewahi kumpa kitu cha kuvaa au kushika. Akakumbuka mwenzake, mtu waliyebadilishana naye zamu kwenye marto ileile: mwezi wa tano, baridi ilipoanza, alimwazima jozi ya glavu za ngozi.

"Na glavu ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Na mwenzako umemwambia nini?"

"Sisemi naye tena. Naye aliniazima kwa nini? Miaka yote hiyo hakunipa hata kiberiti."

Nakiri kwamba sikushangaa. Miaka ile hakuna aliyepewa kitu bila kujiuliza kinatoka wapi. Tuliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, tulivaa beji ya chama kifuani, na Jumatatu kabla ya kazi tuliimba na kucheza mbele ya bendera, huku kila mmoja akitazama nani anafungua mdomo bila kutoa sauti. Katika karakana kulikuwa na kamati ya chama yenye masikio. Ulijifunza kupima mtu kabla ya kumwambia hata kwamba umelala vibaya. Mimi nilimshuku mgonjwa, mgonjwa akamshuku mwenzake, na pengine mwenzake alikuwa na wake wa kumshuku.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wasioijua Lubumbashi hudhani nchi yetu ni ya joto mwaka mzima. Asubuhi za mwezi wa saba majani yanakuwa na umande unaouma miguu, na watu wanaonekana barabarani wakiwa wamejifunga vitenge na mablanketi juu ya nguo za kazi. Jua lilikuwa limeanza tu kuchomoza nilipokuwa natembea kwenda kazini. Nilisikia kengele ya baiskeli nyuma, kisha mlio wa chuma, kisha kishindo. Mtu alikuwa ameingia mferejini na baiskeli yake. Nilimjua kwa kofia.

Nilimkimbilia. Hakuwa ameumia sana, goti tu. Lakini hakusimama. Alikaa kwenye nyasi akinyoosha mikono mbele yake kama mtu anayeonyesha mzigo wa mwingine.

"Breki," alisema. "Nilitaka kushika breki, vidole bilikataa."

Nikaviona. Vidole vinne vya mkono wa kushoto na vitatu vya kulia vilikuwa vyeupe. Si vyeupe vya kukauka ngozi. Vyeupe kama mshumaa, toka ncha mpaka pingili ya katikati, na hapo weupe ulikoma kwa mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Juu ya mstari, mkono wa mtu mweusi aliye hai. Chini yake, kitu cha mtu mwingine.

Naona aibu kusema nilichofanya kwanza. Nilifikiri: pemba. Nilichukua ncha ya kitenge changu, nikailowesha kwa umande wa nyasi, nikashika kidole chake nikasugua. Nilisugua kwa nguvu. Weupe haukutoka. Niliangalia kitambaa, kilikuwa safi. Nikasugua cha pili. Yeye alinitazama tu, hakuvuta mkono.

"Unasugua nini, mama?"

Nilitoa pini ya beji yangu kifuani, nikamwambia atazame upande wa barabara, nikamchoma polepole kwenye ncha ya kidole cha kati.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu bado."

Tone dogo la damu lilikuwa limetoka, jeusi, likasimama pale. Ndipo nilipokaa chini pembeni yake kwenye nyasi zenye maji. Nilimwambia aweke mikono makwapani, ndani ya koti. Tulingoja, labda robo saa, watu wa baiskeli wakipita na kutugeukia. Vidole viliporudi havikurudi vizuri. Viligeuka samawati, kisha vyekundu, vikavimba, naye akauma meno na kuinamisha kichwa mpaka magotini.

"Sasa umeona," alisema.

"Nimeona, baba."

Siku mbili katika wiki tulikuwa na munganga, yaani daktari, aliyetoka chuo kikuu karibuni, kijana wa kwetu, mpole, ambaye mkubwa wetu hakumpenda kwa sababu aliuliza maswali mengi. Sikumwambia mkubwa wetu. Nilimpeleka mgonjwa moja kwa moja kwa munganga, kadi mkononi, na nikaomba liletwe beseni la maji baridi. Hakuhitaji maelezo marefu. Aliuliza: unashika marto tangu lini? Kidole gani kilianza? Ganzi inabaki hata siku ya kupumzika? Unavuta sigara? Kisha akaomba madirisha yafunguliwe, akaweka mikono ya mgonjwa ndani ya beseni, na mbele ya macho yetu vidole vikaanza kufa kimoja kimoja, kuanzia kile cha kati.

"Si uchawi," alimwambia, "na si bongo, hukudanganya. Mashini inatikisa mishipa midogo ya damu miaka mingi mpaka inakuwa na woga. Baridi kidogo tu, inajifunga. Na mishipa ya kusikia nayo inachoka, njo maana uliungua."

"Dawa iko?"

Munganga hakumdanganya. Alisema dawa kubwa ni kuachana na marto. Akiacha mapema, weupe utapungua. Ganzi huenda isiondoke. Mengine yalikuwa mambo madogo ya kila siku, na kazi ya kuyafuatilia akanipa mimi. Maji ya kutawaza yapashwe moto, ya vuguvugu, na yapimwe kwanza na mkewe, maana vidole visivyosikia vitajiunguza tena. Asiote moto kwa kunyoosha mikono juu ya makaa. Glavu kavu kwenye baiskeli, na koti, kwa sababu mwili mzima ukipoa vidole ndivyo vya kwanza kufa. Vikifa, azungushe mikono au aitie makwapani, asivisugue kwa nguvu. Hapo niliangalia sakafu. Na sigara aiache, kwani nayo inafunga mishipa.

"Na chale?" mgonjwa aliuliza, akamweleza na habari ya glavu.

"Chale hazijakusaidia, zimekuletea kidonda tu," munganga alisema. "Na huyo aliyekuazima glavu alikutendea wema."

Munganga aliandika barua kwa ofisi ya wafanyakazi: mtu huyu aondolewe kwenye vyombo vinavyotikisa, apewe kazi nyingine. Aliniagiza pia niwaulize watu wengine wa marto. Nilikwenda karakana saa ya mapumziko. Walikuwa wamekaa kwenye vyuma, wakila. Nilipouliza nani vidole vyake vinabadilika rangi, mikono yote iliingia mifukoni. Kapita, msimamizi wao, akaniuliza nani amenituma kuhesabu mikono ya watu.

Baada ya siku nane niliitwa ofisini. Ujumbe uliletwa na karani aliyetunza kadi za wagonjwa, kijana mtulivu aliyekaa meza ya mlangoni, na alipokuwa ananiambia hakunitazama. Alisema tu: "Citoyenne, banasema eti unafundisha bantu ugonjwa." Kwamba nawapa wafanyakazi maneno ya kumwambia munganga ili wapate ripo. Na kwamba kuna mtu amekwenda mwenyewe kusema hivyo.

Nilijua mara moja ni karani. Nani mwingine aliyeona kadi? Nani aliyejua kwamba nilimruka mkubwa wetu? Nilikusanya ushahidi wote: jinsi alivyoacha kunisalimu kwa mkono, jinsi alivyofunga droo nilipoingia. Nilienda ofisini nikiwa tayari kumtaja.

Ilikuwa asubuhi, baridi ileile, na ofisi ilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha yasiyofungika sawasawa. Nyuma ya meza walikaa wawili, mkuu wa wafanyakazi na mtu wa kamati ya chama aliyevaa abakosti ya kijivu, lile koti lisilo na tai la wakubwa wa chama. Na kwenye kiti cha pembeni alikuwa mgonjwa wangu, kofia magotini, mikono chini ya kofia.

"Citoyen huyu," alisema mtu wa kamati, "ametueleza kwamba mikono yake ni mizima. Anasema wewe njo ulimusukuma kwa munganga. Ni kweli, citoyen?"

"Njo vile," alisema mgonjwa wangu. Hakunitazama.

Nilimwona tena mferejini, akiniambia sasa umeona. Nilitaka kusema maneno ambayo mwanamke wa misa hayasemi. Mtu wa kamati alikuwa ameshaandika karatasi, imenyooka, mistari sita au saba, na jina langu nililiona kichwa chini juu yake. Aliisukuma mbele ya mgonjwa na kuweka kalamu juu yake.

"Tia saini."

Alitoa mkono wa kulia chini ya kofia. Nadhani alikuwa ametoka tu kwenye baiskeli. Vidole vitatu vilikuwa vimekufa. Alijaribu kuokota kalamu na ikateleza. Alijaribu tena kwa kuisukuma mpaka ukingo wa meza ili aipokee kwa kiganja, ikaanguka sakafuni. Akainama. Tulisikia kalamu ikigonga saruji, ikiviringika, ikigonga tena. Alikuwa anaifuata kwa mkono bila kujua ameigusa au hajaigusa. Mkuu wa wafanyakazi akasimama ili aone vizuri.

"Acha," alisema. "Onyesha mkono."

Akauonyesha. Mkuu wa wafanyakazi aliushika, akaugeuza, akabonyeza kidole kimoja kama mtu anayejaribu embe. Mtu wa kamati alisogea nyuma kidogo na kiti chake.

"Hii ni mikono mizima?" mkuu wa wafanyakazi aliuliza.

Hapo ndipo mgonjwa wangu alipolia. Hakulia kwa sauti. Alisema kwamba mwaka uliopita mwenzao mmoja alipewa barua kama yake, akaondolewa kwenye marto, na baada ya miezi miwili akaondolewa kazini kabisa. Watoto wake wakatolewa shule ya kampuni, unga wa kampuni ukakoma. Alipoambiwa barua ya munganga imefika, alidhani ndiyo njia yao ya kumfukuza na kwamba mimi nimetumwa. "Nilifikiri mama huyu eko wa kamati," alisema. "Njo maana alinichoma na pini ya beji. Nilifikiri ananipima."

Mkuu wa wafanyakazi alichukua karatasi ile, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. Hakuichana. Miezi mingi nilifikiria droo hiyo. Kisha akatuambia turudi kazini.

Hakufukuzwa. Walimpeleka stoo ya vyombo, nyuma ya dirisha la waya, kutoa na kupokea zana. Hata hapo alikuwa na shida: hakuweza kuokota skrubu ndogo wala kutenganisha karatasi mbili, ikabidi ahesabu boliti kwa kuzitazama moja moja. Nilikwenda kumwona kila wiki, kwanza kwa agizo la munganga, baadaye kwa sababu mkewe alinisimamisha sokoni Katuba akaniambia amerudia sigara. Aliziacha mwaka uliofuata, kweli safari hiyo.

Sikumsemesha kirafiki muda mrefu. Nilimkagua, nikaandika, nikaondoka. Siku moja, katikati ya kubonyeza kucha, alisema: "Mama, nilikutendea vibaya."

"Na mimi sikukuamini," nilisema. "Endelea kunyoosha vidole."

Kwa karani sikupata hata maneno hayo. Nilikuwa nimemnyima salamu majuma mengi, na nilipotambua kosa langu niliona aibu kuanza kumsalimu ghafla, kwa maana angeuliza sababu. Akahamishwa Kipushi kabla sijaipata njia. Baadaye nilielewa kwamba siku ile alinieleza maneno ya ofisini ili nijiandae, na kwamba kufanya hivyo kungeweza kumletea taabu.

Watu wa marto walianza kuja mwaka wa pili, mmoja mmoja, na daima mwisho wa foleni ili wengine wasisikie. Wa kwanza alikuwa yule mwenzake wa glavu. Vidole vyake vilikuwa vibaya kuliko vya mgonjwa wangu. Alikuwa na baridi ya vidole miaka sita na aliazimisha glavu zake kwa sababu aliona dalili zilezile kwa mwenziwe barabarani, akashindwa kusema. Munganga alipigana na karakana mpaka wakakubali mambo machache: watu wapokezane marto kila baada ya muda, ncha butu zinolewe upesi kwa sababu ncha butu inatikisa zaidi, vishikio vifungwe mpira wa tairi, na mbabula mbili ziwekwe pembeni asubuhi za baridi, watu wakikaa mbali nazo hatua mbili. Mambo hayo yalifuatwa pale kapita alipokuwa na moyo wa kuyafuata. Mengine yalisahaulika mvua ilipoanza.

Mgonjwa wangu weupe ulimpungua. Baridi ya tatu aliniambia umemjia mara nne tu tangu mwezi wa sita, na mkono wa kulia haujafa hata mara moja. Ganzi haikuondoka. Vifungo vya shati alifungiwa na mkewe kila asubuhi, wamesimama mlangoni, naye akitazama juu kama mtoto anayevishwa kwa sikukuu. Wawili hao walikuwa wamezoea. Nilipokuwa napita kwenda kazini walinisalimu wote wawili pamoja, na yeye aliinua mkono wenye glavu, mpya, za sufu, alizofumiwa na binti yake, ambaye alikuwa ameuliza kwanza rangi gani baba anaitaka.

"Habari ya vidole?" niliuliza siku moja ya umande.

"Leo biko bizima," alisema. "Kuja uangalie."

Nikafungua lango, nikaingia, nikaangalia.